Pombe ya Ndizi Kwenye Chupa za Maabara

Hili nimelificha miaka mingi, maana hata nikiwa peke yangu nikilikumbuka nafunika uso kwa mto. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilitoka Morogoro kwenda Kigali kufanya kazi kwenye maabara moja ndogo, tukikamua majani ya dawa, hasa umuravumba, na kutia maji yake kwenye mafuta ya kula tuone kama yatachelewa kuchacha. Kazi niliipenda. Upweke ndio ulionimaliza, jamani, zipo Jumapili nilizokuwa naongea na sufuria.

Basi nikajipa moyo nikawaalika majirani zangu wa Nyakabanda: Mama Vestine, mwenye nyumba wangu, na Faustin seremala na mkewe. Nikaazima viti kwa huyo huyo Faustin, nikanunua urwagwa, ile pombe ya ndizi, na kwa kuwa sikuwa na jagi nikaona (akili yangu hiyo) niimimine kwenye chupa mpya za maabara, za kahawia zenye vizibo vya mpira, zipendeze mezani.

Walikuja wamevaa vizuri, nikawajazia glasi, na mimi niliyefundwa kwamba mgeni kwanza, sikujimiminia hata tone. Nikasema karibuni, wakasema asante, hakuna aliyeinua mkono, nikaingiwa na kiwewe nikaanza kupiga domo, nikawaeleza jinsi tunavyoloweka majani, jinsi maji yake yanavyokaa kwenye chupa kama hizi hizi, na kwamba mengine hata hatujui yanamfanya nini binadamu. (Ndiyo, nilisema hivyo, na nikacheka.) Mke wa Faustin akakumbuka ameacha maharage motoni. Faustin akamfuata, eti akamsaidie kuyaepua.

Mama Vestine alisimama mlangoni, akanihurumia.

"Muganga, huku mwenye kupea watu pombe iko naonja wa kwanza, wajue haina sumu. Weye hukuonja."

Nikaikimbilia glasi yake nikaimaliza yote mbele ya macho yake. Akasema nimechelewa, akaenda zake. Nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake nikamrudishia Faustin viti, akavipokea kwa adabu, bila kuniambia nikae. Nikaapa kwamba mgeni mwingine akija nitaonja kwanza kabla hata hajaketi. Nilikaa Nyakabanda mpaka mkataba wangu ukaisha, na hakuna aliyekuja nimwonjee.