Kiti cha Babu na Jiko la Wageni

Wiki iliyopita nilikwenda Mbeya kwenye usaili wa kazi. Nilifika mapema mno, kama kawaida yangu, ili nipate muda wa kutosha wa kuogopa. Mhudumu alikuwa anasugua sakafu kwa ile nta nyekundu iliyochanganywa na mafuta ya taa, na harufu iliponiingia puani nikasahau majibu yote niliyoyakariri njiani. Nilikuwa nimesharudi kwa Babu, njia ya kwenda Igogwe, nimekaa kwenye sakafu inayong'aa huku mvua ya Tukuyu ikinyesha bila haraka juu ya migomba.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, katikati ya chai. Soko huria lilipokuja na kila mtu akaruhusiwa kuuza alichonacho, majirani walifungua vibanda vya mitumba. Sisi tulikuwa na vyumba vitupu na baridi. Mama ndiye aliyewaza tuwalaze Wazungu waliopita na mabegi mgongoni wakienda Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu, tuwape kitanda na chai ya asubuhi. Baba, dereva wa lori aliyekuja nyumbani kwa nadra, akamfikishia Babu wazo hilo, na Babu akakubali.

Nasema alimfikishia kwa sababu Mama hakuweza kumwambia mwenyewe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Hawasalimiani, hawaketi pamoja, na mwanamke akimwona mkwewe kwa mbali huacha njia na kujificha mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe. Wake za baba zangu wadogo, waliozaliwa ndani ya mila hiyo, walikuwa wameanza kuilegeza. Mama hakulegeza hata kidogo. Yeye alitoka Makandana, pale Tukuyu mjini, binti wa fundi cherehani Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, na kwao mkwe hupewa shikamoo na kikombe cha chai. Mila ile isiyo yake aliishika kama mtu aliyeazima nguo ya harusi.

Basi upande wa mbele wa nyumba ukawa wa Babu, na wa nyuma wa Mama. Huko nyuma alijijengea tanuri la udongo na pipa, akawa anaoka mikate ambayo ukiipasua mvuke wake unakupiga usoni, anaipeleka kwa wageni pamoja na maparachichi na jemu ya pasheni, Babu akiwa bado hajaamka. Wageni waliondoka, wakaleta wenzao. Wenzao hao walipofika getini waliuliza, "Mama Tupo yuko?" Tupo ni mimi. Babu alikuwa amekaa pale pale barazani na kofia yake nzuri. Hakuna aliyemuulizia yeye.

Ndipo Shangazi Subilaga akarudi kutoka Kyela, ndoa yake imekwisha, na masanduku yake.

"Nyumba ya baba yangu, anaulizwa mtu wa Makandana," alisema jioni moja akimenya ndizi, kwa sauti ya kumfikia Babu. "Sisi siku hizi ni wapangaji?"

Asubuhi yake Babu alibeba kiti chake kutoka barazani akakiweka nyuma, karibu na bomba. Mama akatupa ndoo akakimbilia kwenye migomba. Babu akaketi mpaka jua likapanda, na wageni wakanawa uso kwa maji ya kwenye birika la chai.

Baadaye kiti kikasogea hadi mlangoni mwa jiko.

"Baridi imezidi," Babu alisema. "Nataka moto."

Nilifurahi sana. Nilidhani amependa harufu ya mikate. Mama alisimama kwenye migomba, mwiko mkononi, mvua ikimchuruzika shingoni, akitazama moshi ukibadilika rangi. Shangazi akaingia jikoni akaitoa mikate mmoja mmoja, akaipanga juu ya sinia ili kila mtu aione.

"Mkaa huu! Mtu anayejua kuoka angekaa karibu na tanuri lake, au mnasemaje?"

Mama mmoja wa Kizungu akatoka na kamera. "Babu mzuri sana! Babu anapenda jiko!" Babu akavua kofia, akatabasamu, akapigwa picha.

Ikawa hivyo kila wageni walipokuja. Mama akaenda Makandana kumuuliza mama yake la kufanya, nami nikiwa naye. Bibi alikuwa anashona vifungo. "Mwanangu, yule ni mzee tu," alisema bila kuinua macho. "Mwamkie, uendelee na kazi yako."

Asubuhi iliyofuata kiti kilipowekwa, Mama alikuwa na unga hadi viwikoni. Hakukimbia. Alivuta kanga ikamfunika kichwa, akainama juu ya beseni, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba."

Nilitaka kupiga makofi. Babu aliinuka taratibu, akaondoka bila kuchukua kiti. Shangazi ndiye aliyepiga yowe hadi nyumba za jirani. "Amemtolea baba sauti! Njooni! Amemtolea baba sauti!"

Baba alipofika, wazee wa ukoo walikuwa wamejaa sebuleni. Mmoja aliuliza kama mwanamke yule alimtazama mkwewe usoni.

"Alikuwa anatazama unga," nilisema mimi, nikatolewa nje. Kupitia dirishani nilimwona Baba akitazama viatu vyake. Ikaamuliwa Mama arudi kwao. Mimi ni wa ukoo, nibaki.

Siku aliyoondoka Mama, Babu alitoka, akamsindikiza hadi barabarani. Alisimama karibu naye, akamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Hamira," akasema. "Huwa unatia kiasi gani? Subilaga hajui."

"Kijiko cha chai kwa bakuli la unga," Mama akamjibu. "Na maji yawe vuguvugu, baba. Yakiwa ya moto hauumuki."

"Ndaga," Babu akashukuru. Wakaongea pale kama majirani waliokutana sokoni, nami nikamvuta Mama mkono nikimwambia basi mmepatana, turudi ndani. Alinishika kichwa, akachukua begi lake.

Mimi ni mtu wa kufikiri jambo mpaka linakwisha ladha, na hili nimelifikiri miaka mingi. Kile kiti nilikielewa nikiwa sekondari: Mama akikimbia, mikate inaungua; akibaki, amemvunjia mkwe heshima. Mazungumzo ya barabarani yalinichukua muda zaidi. Babu aliweza kumsemesha kwa sababu hakuwa tena mkamwana wake. Swali lile la hamira ndilo lililokuwa talaka, na Mama aliijua mila kiasi cha kulielewa palepale. Kwa muda mrefu nilimkasirikia kwa kumjibu. Angeweza kunyamaza, au kumdanganya kipimo. Lakini alieleza polepole, asikosee, maana mimi ndiye niliyekuwa nabaki kula mikate hiyo.