Pipa la buluu nililompelekea mavyaa wangu Mtongwe

Wakuu, nawasalimu nyote, wa pwani na wa bara. Miaka mingi humu nasoma tu na kupita, leo nimejikaza niandike. Sitataja kampuni wala majina kamili, lakini kisa ni changu na sikukitia chumvi. Mwenye kuitaka ataongeza mwenyewe.

Nafanya kazi kiwanda cha dawa huku Changamwe, upande wa stoo. Unga wa kutengenezea dawa huja kutoka ng'ambo ndani ya mapipa ya plastiki ya buluu, yale yenye mfuniko wa kubana. Unga ukiisha pipa linabaki tupu, na mimi ndiye mwenye kitabu cha mapipa matupu.

Sasa, mtu anayekaa Changamwe, Kisauni au Likoni hahitaji kuelezwa thamani ya pipa. Maji ya mfereji huja siku yapendayo yenyewe. (Nilipokuwa Mikindani niliwahi kukaa wiki nzima naoga kwa kopo, lakini hayo tuyaache.) Mtu akikupa pipa la buluu, amekuheshimu.

Basi kampuni ikaingia mambo ya ESG. Yaani ioneshe inavyotunza mazingira, inavyowajali watu, na inavyojiendesha kwa uwazi.

Kwenye mkutano nikanyoosha mkono. Nikasema mapipa tusiyatupe, tuwape majirani na wafanyakazi. Taka hakuna, na watu wamepata chombo cha maji.

Bosi alifurahi mno. Kwenye report ya mwaka nikatiwa picha ukurasa mzima, nimelikumbatia pipa, meno yote nje.

Pipa moja nikampelekea mavyaa wangu, mamake mume wangu, Bi Mwanasha, kule Mtongwe. Wenye kuolewa Uswahilini watanielewa. Tangu niingie nyumba ile wali wangu ulikuwa hauivi, na nazi yangu haikunwi sawa. Pipa lile nililisugua mwenyewe kwa sabuni ya unga mara tatu. Alipolipokea akaniita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Nilirudi kwangu nikiimba.

Kisha akaletwa Mutiso, jamaa mpole wa Machakos, asimamie hiyo ESG. Sisi tulidhani kazi yake ni kupanda miti na kupigwa picha. Kumbe yeye alitaka kujua kila kitu kinachotoka getini kinaenda wapi.

Nikamfungulia kitabu changu kwa maringo. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Pipa hili lilikuwa na nini?"

"Penisilini."

"Na sasa lina nini?"

"Maji ya kunywa," nikasema, na bado natabasamu.

Hakunifokea. Akanieleza taratibu kwamba unga ule hung'ang'ania plastiki na hujificha kwenye kingo za mfuniko, na kuna watu miili yao haipatani nao hata chembe. Ndiyo sababu kiwandani una chumba chake peke yake na nguo zake.

Wakuu, hayo nilikuwa nayajua! Miaka sita nabadilisha viatu mlangoni pa chumba kile. Lakini pipa likishavuka geti mimi nililiona chombo cha maji tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mavyaa.

Ukoo mzima unajua kuwa Bi Mwanasha hachomwi penisilini. Zamani alipigwa sindano akafura uso mpaka macho yakafunga, na kila daktari anayemwona, yeye humwambia hilo kabla ya salamu. Na kwa wiki tatu alikuwa akilalamika mikono inamwasha. Sisi tulisema ni joto.

Niliomba ruhusa, nikavuka feri mchana ule ule. Nikamkuta uani anachota maji kwa kata kutoka pipa lile.

Nikamwamkia, nikamwambia yote bila kupunguza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Yeye akalilaza pipa, maji yote yakamwagika, akaniuliza, "Na hao wengine mliowapa, umewaambia?"

Nikasema bado, nimekuja kwake kwanza.

"Umefanya vyema. Lakini wao hawana mkaza mwana kiwandani."

Asubuhi yake mimi na Mutiso tukaingia kwa bosi. Bosi alisikiliza, akasema mapipa yarudishwe haraka, ila tuwaambie watu kuwa tunawapa mapya tu, yaishe.

Nitasema kweli, nililipenda wazo hilo. Kazi yangu ingepona na jina langu lingepona.

Lakini nikajisikia nasema, "Bosi, nikiongopa, mavyaa wangu atajua." Wallahi, hoja yangu ilikuwa hiyo tu. Mutiso akaongeza kwamba uwazi ndio ile herufi ya mwisho ya ESG, na tukiuacha yaliyobaki ni mapambo.

Bosi akasema, "Haya. Mkaseme."

Tukazunguka nyumba kwa nyumba, hadi Magogoni, tukiwaeleza sababu yenyewe. Kuna walionisema nikasemeka. Mama mmoja alilikalia pipa lake, akakataa kuondoka mpaka auone mtungi mpya wenye bomba kwa macho yake. Kila aliyekuwa na mwasho alipelekwa kwa daktari, kampuni ikasimamia.

Barua ya onyo nilipewa, na nilistahili. Siku hizi kila pipa natoboa mwenyewe kwa drili kabla halijatoka stoo, liende likachomwe panaporuhusiwa. Na report mpya ina ukurasa unaoeleza tulivyokosea. Nimeusoma mara nyingi, na kila nikiusoma moyo wangu hutulia.

Mikono ya mavyaa imepona. Daktari hakusema ni pipa, wala hakusema si pipa. Sitajua, nami nimekubali kuishi hivyo.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba ukitoa kitu kwa nia njema, uliza kwanza kilikotoka. Na ukikosea, nenda mwenyewe kabla hujatumwa. Nyinyi mnaofanya kazi viwandani, vyombo vitupu kwenu vinaenda wapi? Semeni, na mwenye kutaka kunisuta anisute.

Ila hamtamshinda Bi Mwanasha. Wageni wakija hunishika mkono mbele yao akasema, "Huyu ndiye mkaza mwanangu, aliyenitia mwasho, kisha akavuka feri kuja kuniambia." Halafu hunisogezea mkeka nikae upande wake.