Siku Wamotari Hawakubeba Abiria

Bunia nilikuja kikazi, nikitokea Kisangani, na mwaka ule wa kwanza sikuwa na mtu. Sizunguki mbuyu: sikuwa na mtu. Niliugua malaria nikalala ndani hadi homa ikaniacha yenyewe, na hakuna aliyebisha hodi.

Kazi yangu ilikuwa kupima huduma ya wamotari, yaani madereva wa pikipiki wanaobeba abiria mjini. Kila pikipiki ilifungwa kifaa kidogo chini ya kiti, kinachohisi pia uzito wa abiria, nami ofisini naiona kwenye ramani ya kompyuta kama nukta ya kijani: imepita wapi, kwa mwendo gani, imesimama kiasi gani bila abiria. Mwisho wa wiki natoa alama. Nukta zile nilizizoea kupita kiasi. Asubuhi nazisalimia. Moja ilikuwa na tabia ya kukata kona kwa fujo, naigombeza kwa sauti, halafu nachungulia mlangoni nisije nikasikiwa. Anisikie nani!

Siku moja, mchana kweupe, nukta zote ziliacha vituo vyao zikakusanyika mtaa wa Lumumba. Zikajipanga, zikaanza kutambaa kuelekea nje ya mji. Kompyuta ikazigeuza nyekundu: hazina abiria. Nikadhani mtambo umeharibika. Nikazima, nikawasha, mambo yakawa yaleyale. Ndipo nikampigia kiongozi wao, ambaye namba yake nilipewa lakini sikuwahi kuitumia. Nikamuuliza mbona hawako kazini.

Nyuma yake honi zilikuwa zinalia zote kwa pamoja.

"Leo hatutumike, mama. Tunapeleka mwenzetu ku makaburi. Ajali."

"Wote?"

"Wote. Siye iko vile. Mwenye atabeba abiria leo, siku yake hatutamubeba."

Niliwaza jeneza lile likisindikizwa na pikipiki za mji mzima, matawi ya miti yamefungwa mbele ya taa, nikamwonea wivu marehemu. Ndiyo, wivu, tena wa kitoto, nusura nilie.

"Mama, weye ni nani?"

"Ni mimi ninayewaona kwenye kompyuta kila siku. Ninayewapa alama."

Honi ziliendelea. Nilidhani hakunisikia.

"Kumbe iko muntu?" akasema. "Siye tulizani iko mashine tu."