Mkwe Wangu Alipotolewa Nje

Mama zangu, huyu mnayemwona amesimama hapa, kuna wakati hata ngazi mbili zilimshinda.

Mimi ni mshonaji, natoka Uvira, nakaa ugenini huku kusini, mtaa wa Berea. Mwaka Kombe la Dunia lilipochezwa huku nilishona bendera usiku na mchana, na sikuchoka. Kombe lilipokwisha, damu ya mwezi ikaja na haikukatika. Wiki tatu! Mabonge makubwa kama ini la kuku. Nikawa nakalia kitambaa cheusi kwenye cherehani nisije nikaaibika.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuuzia nguo tu. Anayekijua ni Deo, mume wa binti yangu. Akanipeleka kliniki, nesi akauliza, Deo akatafsiri: "Mama, unaumwa wapi?"

Sasa niambieni, ningemjibu nini mkwe wangu? Mtu ambaye hata meza moja sili naye! Nikasema, "Tumbo, mwanangu." Nikapewa dawa ya tumbo. Tulirudi mara mbili, na mimi tumbo, tumbo tu. Nilikuwa najiua kwa heshima.

Safari ya nne nilianguka kwenye foleni, nikapelekwa hospitali. Daktari akatazama viganja vyangu, vyeupe kabisa. Akauliza kupitia Deo, nikasema tumbo. Akanitazama, akamtazama Deo, akamwomba atoke. Kisha akamwita mfagiaji wa korido, Mrundi mmoja anayejua Kiswahili, Mama Espérance.

Akaweka fagio chini, akanishika mkono. "Dada, mwanaume ametoka. Sema yote."

Nililia kwanza. Halafu nikasema yote, hadi mabonge, naye akatafsiri.

"Eish," akasema daktari. Kumbe ni uvimbe kwenye kizazi. Nikaongezewa damu, nikapasuliwa wiki ileile. Mama Espérance ndiye aliyeniletea habari, anacheza: "Wametoa uvimbe wote!"

Deo alinijia analia. "Mama, ungekufa kwa kunionea haya mimi?"

Leo napanda ghorofa sita lifti ikiharibika, nayo haiishi kuharibika. Asante Mungu, asante daktari, asante mama wa fagio. Nanyi, ombeni mtu wa lugha yenu, tena mtu mnayeweza kumwambia. Sisi tuliomba kliniki yetu mpaka tukapewa chumba cha kuwatafsiria wagonjwa kila Alhamisi, nami siku hizi Kiingereza nakiweza.

Alhamisi iliyopita aliingia mama mmoja, midomo imepauka, mkwe wake nyuma. Nikamwambia kijana, "Baba, katununulie maziwa pale dukani, kwenye spaza, na usiharakishe." Nikafunga mlango.

"Haya, dada. Sema yote."