Ukoo wa Ndani na Ukoo wa Nje

Shangazi yangu hajui kutoa habari fupi. Kila Jumapili, akishatoka misani na kula, anakaa kwenye kiti chake cha mianzi huko Saio, anaiweka simu karibu na mdomo kama mtu anayepuliza moto, halafu anaanza. Sauti yake inaingia katika kundi la ukoo wetu, na sisi wote, walioko Bunia, walioko Mahagi na walioko ng'ambo ya ziwa, tunaacha tulichokuwa tunafanya. Ni dada wa marehemu baba yangu, ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki, na jambo la ukoo haliwi habari mpaka alitamke yeye.

Taabu ni kwamba kwake habari haitembei bila nasaba. Hawezi kusema tu kwamba fulani amejifungua. Atasema amejifungua binti wa yule, wa yule, aliyezaliwa na yule wa mke wa pili, yule mwenye pengo. Hata mbuzi akizaa, tutaambiwa mama yake aliingia kwetu kwa mahari ya nani. Mimi nauza vipuri vya pikipiki Nyakasanza, wateja wangu husimama juani, na subira si kipaji nilichopewa. Siku nyingine naongeza kasi ya sauti ili amalize upesi, na mababu wanapita mbio kwa sauti ya kuku anayekimbizwa. Tafadhali msimwambie.

Ukimpigia simu ndiyo kabisa. "Weye nani?" Ni mimi, Shangazi. "Mimi wa nani?" Namba yangu anayo, sauti yangu anaijua tangu inavunjika. Lakini lazima nimtaje baba yangu, na baba wa baba yangu, ndipo aniulize kama nimekula. Watoto wangu humwiga mezani, na mimi huwa wa kwanza kucheka.

Mwaka jana sikucheka, maana mtoto wetu alipata mchumba.

Mtoto wetu ni binti wa marehemu kaka yangu. Nilimlea, akaniita baba mdogo, akajifunza kushona, na sasa ana cherehani yake kwenye baraza ya duka langu. Si mtu wa maneno mengi. Kijana mwenyewe ni fundi wa sola, mpole, aliyekuja kufunga taa za duka na baada ya hapo akawa anarudi kutazama kama bado zinawaka. Taa zilikuwa zinawaka vizuri tu. Nikamwambia, kijana, acha kuzisumbua taa zangu, sema unachotaka. Akasema.

Kwetu, vijana wakipendana, kabla mtu hajauliza kijana ana kazi gani, anauliza ni wa nani. Mababa wa huku wanatajwa, mababa wa kule wanatajwa, na wakikutana mahali popote huko juu, ndoa imekufa, na hakuna padri wa kuifufua. Nikaandika katika kundi majina aliyonipa kijana, nikaweka na picha yake akiwa juu ya ngazi, na nikasubiri pongezi. Zikaja kwa wingi: vigelegele, maua, mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba. Kisha binamu yangu mmoja wa ziwani, mtu anayejua mambo mengi na hajui wakati wa kunyamaza, akatuma sauti.

"Kaka, pole. Ule kijana iko wetu. Babu ya baba yake njo mudogo ya babu yetu. Banatoka tumbo moja."

Hapo nieleze. Babu yetu alikuwa anatoa samaki wa chumvi ziwani na kuwauza Iga Barrière. Alikuwa na mdogo wake. Walibeba mizigo pamoja, wakajenga pamoja pale Iga, na watoto wao, shangazi yangu akiwemo, wakalelewa kwa chungu kimoja. Baadaye yule mdogo akarudi na watu wake upande wa Mahagi. Miaka ikapita, vurugu zikatutawanya, tukapotezana. Sisi tulibaki tukimtaja kwa jina lake la utani tu, na kijana alinipa jina la ubatizo. Binamu ndiye aliyekuwa anayajua yote mawili, Mungu ambariki na amfunge mdomo.

Nikaiweka simu chini. Nikatoka barazani nikamkuta mtoto wetu ameshasikia kwenye simu yake. Hakulia. Alikuwa anakunja kitambaa kile kile, anakikunjua, anakikunja.

"Baba mudogo," akasema, "mimi hapana dada yake. Siwezi anza leo."

Iliniuma. Huyu mtoto hajawahi kuniomba kitu kikubwa, hata viatu vya komunyo alichukua vya dada zake bila neno. Na sasa kitu kimoja alichokitaka, ukoo wangu mwenyewe ulikuwa umekikalia. Jumatatu iliyofuata nikafunga duka mchana kweupe, nikapanda pikipiki kwenda Saio.

Shangazi alikuwa anachagua maharagwe. Jambo la ajabu, hakuniuliza mimi ni wa nani. Alijua nimekuja kwa nini; ndiyo maana Jumapili ya jana yake hakutuma habari yoyote.

"Shangazi, ni kweli? Tumbo moja?"

"Ule alikuwa mudogo ya baba yangu."

"Tumbo moja?"

Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. "Baba alitukataza neno moja juu ya baba mudogo. Alisema, mwenye atalisema, hapana mutoto yangu tena. Tulikuwa tumekaa chini siye bote, anatuangalia mumoja mumoja."

Basi nikaelewa, na hata mjinga angeelewa. Yule mdogo hakuzaliwa na mama wa babu, wala na baba yake; hakuwa damu yetu. Nikalisema kwa sauti, kwa kuwa mimi nikipandwa na hasira hupenda mambo yasemwe. Shangazi akaufunika ungo kwa khanga kana kwamba maharagwe yangesikia.

"Mimi hapana sema kitu. Ni weye unawaza."

"Shangazi, mtoto anaharibikiwa! Neno moja tu katika kundi, ndoa inapona."

"Na mimi nikufe bila baba?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi nikaona aibu ya sauti yangu. Ana miaka mingi kuliko miti ya uani mwake, na bado alikuwa binti aliyekaa chini akitazamwa na baba yake.

Shangazi akaufunua ungo. Akarudia kuchagua. Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Siye njo alitukataza. Bale hakubakataza. Baite bakuje. Batataja bababa yabo, sawa desturi. Tutasikia."

Nikarudi na habari nusu. Nikamweleza mtoto wetu kwamba kila kitu sasa kilikuwa mdomoni mwa watu wa kijana: wakijua ukweli na wakakubali kuusema, ataolewa, wakitaja kama sisi tunavyotaja, basi. Akauliza, na kama hawajui? Nikamwambia ashone.

Walikuja Jumamosi, baada ya safari ndefu ya lori kutoka upande wa Mahagi, na vumbi lao, na kuku wao, na mbuzi wao. Tulitandika turubai uani kwangu Nyakasanza, viti vyetu upande huu, vyao upande ule. Wanawake walikuwa wameanza kutwanga majani ya muhogo ya sombe tangu asubuhi. Binamu wa ziwani naye alikuja, bila kualikwa, ili ashuhudie. Aliyewaongoza wageni alikuwa babu wa kijana, mtoto wa yule mdogo wa babu yetu: mzee mrefu mwenye koti la suti na kandambili, anayemvuta mwenyewe mbuzi mmoja mweupe kwa kamba.

Shangazi alimngojea langoni. Walikuwa hawajaonana tangu wanacheza pamoja Iga Barrière.

"Weye nani?" akauliza, ingawa macho yake yalikuwa yameshamtambua.

"Ni mimi, dada."

"Mimi wa nani?"

Mzee akaangalia viti vilivyopangwa pande mbili. Akaivuta kamba ya mbuzi, akaiachia. "Nitasema nikisha kaa," akajibu. Nilikuwa nyuma yao na nikalisikia. Mtu anayejua jibu rahisi hulitoa langoni.

Sisi tulianza. Mimi ndiye niliyesimama badala ya marehemu kaka yangu, na nawaambia kwa majivuno kwamba sikukosea hata jina moja. Kumbe zile sauti ndefu za Jumapili zilikuwa zimeingia kichwani bila ruhusa yangu. Kisha nikakaa, na mzee akasimama upande wa pili. Mtoto wetu alikuwa mlangoni mwa jiko, na mkono umeshika fremu ya mlango.

Mzee alimtaja kijana, akamtaja baba wa kijana, akajitaja mwenyewe, akamtaja baba yake. Hapo akasita. Hatua moja tu juu, na kila mtu uani alijua jina linalofuata kama ataendelea kama siku zote: jina la baba wa babu yetu. Binamu yangu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.

"Kwetu," mzee akasema, "mutoto anafundishwa bababa mara mbili. Kuko bababa ya inje, na kuko bababa ya ndani. Ya inje njo ile mutu yote anajua. Ya ndani tunasemaka jikoni, moto ikiwaka, mugeni asisikie. Na mugeni mukubwa kupita bote ni nyiye." Akatuonyesha sisi. "Baba alisema: ule mutu ya samaki alinikuta njiani, niko mugonjwa, batu yangu baliniacha. Alinibeba, akaniita mudogo yake. Nikitaja baba yangu ya kunizaa mbele yake, atazani nimechoka na yeye. Njo maana tulifunga mudomo. Si haya. Ni heshima."

Akamgeukia shangazi. "Dada, nikisema ya ndani, mutoto huyu anapata bibi. Lakini siye tutabaki batu ya nani kwenu?"

Mimi mdomo wangu ulikuwa wazi. Miaka yote ile, huku Bunia sisi tulikuwa tumefunga neno ili tusimfukuze, na kule Mahagi wao walikuwa wamelifunga neno lile lile ili wasitukimbie.

Shangazi hakumsaidia. Hakuweza. Alisema tu, "Taja, tunasikia."

Akataja. Majina ya ukoo mwingine kabisa, watu wa milimani, hakuna hata mmoja tuliyemjua, mmoja juu ya mwingine, kwa sauti iliyokuwa inazidi kushuka. Alipofika mwisho hakuna aliyepiga makofi. Nilimtazama binamu wa ziwani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na nyongeza. Mtoto wetu alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amefunika uso kwa aproni, na mabega yanacheka na kulia kwa pamoja. Nami nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia mtu, lakini mzee alikuwa bado amesimama pale katikati, mikono imening'inia, kama aliyeshushwa kituo asichokijua.

Shangazi akainuka. Akaichukua fimbo yake, akavuka ua mzima, akamshika mkono wa koti.

"Weye nani?"

"Ni mimi, dada," akasema kwa sauti ndogo.

Tukangoja lile swali la pili. Halikuja. Alimvuta polepole, akavuka naye tena ua hadi upande wetu, akamwondoa binamu wa ziwani kitini kwa ncha ya fimbo, akamkalisha mzee mahali pale, kulia kwake.

"Kaa hapa. Baba yetu hayuko, baba ya mutoto hayuko. Weye njo mukubwa. Utatoa binti pamoja na siye."

Upande wa pili wakaanza kunung'unika kwamba msemaji wao amechukuliwa. Mimi nikawaambia watafute mwingine, na wakamsukuma mbele mjomba mmoja asiyejua kitu, akijifuta jasho. Chakula kikanukia, watu wakaanza kupumua. Mahari ikaletwa mbele, mbuzi mmoja baada ya mwingine, na kwa desturi yetu aliye mkubwa wa upande wa binti ndiye anayemkagua kila mmoja. Mzee akainuka taratibu, akavaa miwani, akapapasa mbavu, akatazama meno. Wa kwanza akampitisha. Wa pili akampitisha. Wa tatu alikuwa yule mweupe, aliyemlea mwenyewe nyumbani kwake na kumpakata ndani ya lori njia nzima.

Akamzunguka. Akamwinua mguu. Akarudi kitini pake kando ya shangazi, akakunja mikono.

"Huyu murudishe," akasema. "Mutoto yetu haiwezi toka nyumbani kwa mbuzi ya namna hii."