Kengele ya Gudveig

Mke wangu Gudveig alizaliwa bara, akaolewa kwenye mwamba huu wa baharini. Mimi mtunza taa ya mabaharia, yeye mpiga kengele. Taa haipenyi ukungu. Ukungu ukishuka alivaa koti langu, akatoka na mkate mdomoni, akavuta kamba mpaka kupambazuke.

Torkjell, mvuvi jirani wa ng'ambo, alirudi salama kwa kengele hiyo miaka na miaka.

"Shemeji! Unataka kunitoboa masikio?" alimpigia kelele kutoka mashuani.

"Ungekuwa na masikio ungefika mapema! Panda, kahawa inapoa, mjinga wewe."

Mwaka juzi tumbo likamshika Gudveig. Mashua yetu ilikuwa imevunjwa na dhoruba. Nikapandisha bendera. Pwani hii, bendera siku isiyo sikukuu ina maana moja tu: njoni. Bahari ilikuwa shwari, na nyumba inayotutazama ni ya Torkjell peke yake. Nilimwona kwa darubini. Aliinua kichwa, akaitazama bendera, akainamia tena nyavu zake. Samaki walikuwa wameingia ghubani.

Alikuja kesho yake. Mwili wa Gudveig ulikuwa umeshapoa.

"Nilidhani mnaianika," alisema.

Nikaishusha bendera.

Kwetu jirani wa karibu ndiye abebaye jeneza kwa mashua yake, na usukani anashika mwenyewe. Hata maadui hawanyimani hilo. Siku ya mazishi Torkjell alikuja na mashua imesuguliwa, matawi ya mreteni ya kulazia jeneza yametandazwa. Nikampita. Nikamlaza Gudveig katika mashua ya Oddleif, mtu wa kisiwa cha mbali, watu wote wakitazama.

"Anfinn, usinifanyie hivi. Watu wanaona."

"Ndiyo maana."

Tangu siku hiyo haalikwi harusini wala mazishini. Mimi haikunitosha.

Vuli hii ukungu ulishuka ghafla, naye Torkjell yuko baharini. Nilisikia makasia yake yakienda upande wa miamba mibaya.

"Anfinn! Piga kengele!"

Kamba ilikuwa mkononi mwangu.

"Usiniite mimi," nilisema. "Mwite mwenye kengele."

Maji yalikuwa yakipasuka karibu naye.

"Anfinn, kwa jina la Mungu!"

"Mwite."

Ndipo akaita, sauti kama ya ndama.

"Shemeji! Shemeji Gudveig! Nisaidie!"

Nikapiga. Nilipiga kama alivyokuwa akipiga yeye, kwa hasira, mpaka mashua ikagusa gati. Alipanda akilia, akasimama mlangoni kwangu. Jiko lilikuwa linawaka, na birika la kahawa juu yake.

Nikafunga mlango.

Ukungu ujao atamwita tena.