Gambuti za Mzee Alfayo

Mpaka leo Molly Obiero hajaisahau asubuhi ile. Alikuwa na miezi minane tu katika kiwanda cha chai nje kidogo ya Roret. Kazi yake ilikuwa kuchunga vile vitanda virefu vya wavu ambapo majani mabichi hunyaushwa kwa upepo unaopulizwa kutoka chini. Chini ya kila kitanda kuna chumba chembamba chenye kimlango, na Mzee Alfayo ndiye aliyekuwa akitambaa humo kufagia. Aliingia miguu mitupu, gambuti zake, viatu vile virefu vya mpira, akiziacha nje ya kimlango. Ukiziona, ujue yuko ndani. Hapakuwa na kibao cha kusema hivyo, watu walijua tu.

Siku hiyo wakaguzi walitarajiwa. Molly alizikuta gambuti kando ya kitanda cha saba, akaona zinachafua sakafu, akazipeleka kwenye rafu. Akarudi, akafunga kimlango kwa komeo bila hata kuinama. Wenzake wakamwaga majani, feni ikawashwa. Akili yake yote ilikuwa kwa wageni, hebu fikiria.

Dakika kumi baadaye aliona majani ya katikati yakiruka. Majani yaliyo juu ya upepo hutetemeka yote pamoja, polepole, kama uji unaokaribia kuchemka. Haya yaliruka peke yao, yakatulia, yakaruka tena. Akamwita Weldon, msimamizi wao.

"Bosi, kuna kitu hapa chini."

Weldon alipofika, majani yalikuwa yametulia. "Molly, juzi ulizima feni ati mshipi unaungua, kumbe ni askari wa geti anachoma mahindi. Wiki jana ukakatalia majani ati bado mabichi, yakakauka yakatushinda. Leo ni nini, panya? Fungua hewa moto, tumechelewa."

Wenzake wakacheka. Molly aliona haya, tena haya ya kweli, maana yote mawili yalikuwa makosa yake. Akashika gurudumu la kufungulia hewa moto iingie chini ya kitanda. Akayatazama majani tena. Yalikuwa kimya, na kimya kile ndicho kilichomtia hofu. Alikuwa ameona. Kama amekosea mara ya tatu, basi wacheke mpaka jioni. Akaliacha gurudumu, akabonyeza kitufe chekundu.

Feni ikanguruma, ikazimika. Weldon akafungua mdomo amgombeze. Chini ya majani mtu alikuwa anakohoa.

Walifungua komeo, wakamvuta Mzee Alfayo kwa miguu, macho yamejaa vumbi, mkononi kipande cha mpini wa ufagio. Alikuwa ameugonga wavu kwa mpini huo mpaka ukavunjika, mpaka nguvu zikamwishia. Weldon alitazama gurudumu la hewa moto aliloagiza lifunguliwe. Molly akaketi pale pale sakafuni.

Mzee alipopata pumzi, aliuliza, "Nani alitoa gambuti zangu?"

Hakuna aliyemwona Molly akizibeba, na angenyamaza, jambo hilo lingepita.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Na mlango ni mimi nilifunga. Sikuinama kuangalia."

Mzee akamgeukia. "Na feni, nani alizima?"

"Ni mimi."

Mzee akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Basi niletee gambuti zangu. Na kesho uiname kwanza, uniite jina."

Molly akaenda kwenye rafu. Alizibeba kwa mikono miwili, akainama, akaziweka mbele ya mzee.